Pikapu za besi: uliza kwanza imekaa wapi

Ndugu zangu wapiga besi, walimu wa kwaya, mafundi mitambo, nimeombwa nilinganishe pikapu za gitaa la besi. Najua wengi mmefika hapa Kirumba mkitaka kusikia jina la kampuni. Majina yatakuja. Ila mbele ya besi yoyote mimi huuliza kwanza: pikapu yake imekaa wapi?

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, nguvu ya sumaku inavurugika na umeme mdogo unazaliwa kwenye waya. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, gitaa la umeme halijaota hata ndotoni.

Sasa tazameni uzi. Ule mnene, wa E, ukipigwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Ndani yake kuna mitikisiko mingine midogo, ya 82, ya 123, na kuendelea. Ule mkuu unacheza kwa upana katikati ya uzi. Darajani, pale mwisho wa uzi unapokalia mwili wa gitaa, hauna nafasi, na huko ile midogo ndiyo inayotamba. Basi pikapu iliyosogea shingoni inatoa uzito, na iliyosogea darajani inatoa ukali, kila noti inajitenga na mwenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Fender ya Marekani waliisogeza pikapu ya nyuma ya Jazz Bass, besi yao yenye pikapu mbili, karibu sentimita moja kuelekea darajani. Sentimita moja tu! Msikilizeni mpiga besi Marcus Miller kwenye Jazz Bass yake ya 1977 anapoipiga kwa dole gumba, mtasikia sentimita hiyo imefanya nini.

Precision Bass ya Leo Fender ilitoka 1951 ikiwa na koili moja, yaani fungu moja la ule waya wa shaba. Mwaka 1957 pikapu yake ikagawanywa vipande viwili, kila kimoja kikihudumia nyuzi mbili, na koili zimepangwa kinyume ili mvumo wa umeme ujifute. Hiyo ndiyo aina aliyopiga James Jamerson kwenye rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani: sauti nene ya katikati, inayobeba wimbo bila kumfunika mwimbaji.

Jazz Bass ya 1960 ina pikapu mbili, kila moja koili yake. Ukifungua moja peke yake, inavuma. Na mvumo huu tuuzungumze, maana unatusumbua sana makanisani. Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde. Noti ya G, freti ya tatu kwenye uzi wa E, ni hezi 49. Kwa hiyo wimbo ukiwa kwenye G, mvumo unajificha ndani ya noti yako. Mkihamia E bemoli, unajitokeza na kugombana na kwaya nzima. Marekani wana hezi 60, mvumo wao unaangukia kwingine kabisa. Ukifungua pikapu zote mbili sawasawa, mvumo unakufa, kwa sababu ya pili imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa.

Lakini hapo sauti ya katikati inabonyea. Nyumbani, peke yako, ni tamu mno. Ukumbini, kinanda na magitaa mawili yakiingia chini ya bati, besi inapotea. Spika nyingi tunazokodi hapa mjini haziwezi kuitoa hezi 41 kwa nguvu. Sikio linaitambua E kwa kusikia zile 82 na 123. Ukiziondoa hizo, umejiondoa mwenyewe. Ndiyo maana kwa sebene, ambapo besi inaruka na kuacha mapengo, napunguza pikapu ya mbele kidogo na kuiacha ya nyuma iseme. Mpiga besi Jaco Pastorius aliitegemea sana hiyo ya nyuma, kwenye besi isiyo na freti.

Music Man StingRay ya 1976 nitaipita haraka: hambaka moja kubwa (pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo), betri ndani ya gitaa, sauti ya mbele mno. Ni nzuri, ila kwa kwaya ya taratibu naiona inasukuma kupita kiasi.

Kabla ya kununua pikapu mpya, angalieni nyuzi. Tuko kando ya ziwa, kuna unyevu na jasho la vidole. Nyuzi zinashika kutu, ukali unakufa, na pikapu ndiyo inayolaumiwa. Kisha chukua bisibisi uishushe au uipandishe pikapu robo mzunguko kila mara. Ikiukaribia uzi mno, sumaku inauvuta na noti inayumba.

Sasa tusikilize. Fundi, ukibadilisha kutoka besi hii kwenda ile, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, kwani yenye kelele zaidi humdanganya kila mtu. Ngoma na kinanda viendelee kupiga muda wote, tusisikilize besi peke yake. Tunaanza na Precision, kwenye G, kisha mnihamie E bemoli.