Kibali Ni cha Jengo

Mwenyekiti, ahsante. Waheshimiwa madiwani, maafisa mipango, na nyinyi wenzangu mnaoendesha nyumba za dharura, zile za kuwahifadhi kwa muda wasio na pa kulala, ambao mmejibanza viti vya nyuma, sogeeni mbele, nafasi ipo.

Mlipokuwa mkiingia mmeona mstatili wa chaki pale chini, nyuma ya mlango. Wengi mmeuruka. Upande mmoja una mita 2, mwingine mita 1 na sentimita 75, yaani mita za mraba 3.5. Hicho ndicho kiwango cha chini cha nafasi ya mtu mmoja katika mwongozo wa Sphere, ule ambao mashirika ya misaada huutumia penye maafa, na hapo jiko, bafu na choo havimo. Uacheni kwanza, tutaurudia.

Sitaeleza kwa nini watu hujikuta usiku hawana pa kulala. Moto, mafuriko, kipigo, mwenye nyumba kubadilisha kufuli: mnayajua. Nimekuja na jambo moja, na wanaonifahamu wanajua ni lile lile. Ombi la kupanua nyumba ya dharura likifika kwenye kamati ya mipango, kinachoombewa kibali ni jengo juu ya kiwanja. Watu watakaolala humo hawaombi kibali cha kuwa watu, na kamati haina mamlaka ya kuwapa wala kuwanyima. Nalirudia kwa sababu bado nasoma mihtasari ya vikao ambamo bomba la maji machafu limepewa mstari mmoja, halafu "aina ya watu wanaokuja pale" wamepewa kurasa tatu.

Niwapeleke kwenye mji wa Cleburne, jimbo la Texas, Marekani. Mwaka 1980 ilinunuliwa nyumba pale, vyumba vinne vya kulala na mabafu mawili, ili wakae humo watu 13 wenye ulemavu wa akili, wanawake na wanaume, wakiangaliwa na wafanyakazi saa zote. Eneo lile liliruhusu majengo ya vyumba vya kupanga, mabweni ya wanafunzi, hospitali na nyumba za wazee, vyote bila kibali maalumu. Kwa watu hawa 13, halmashauri ikasema kibali maalumu kinatakiwa, kwa sababu sheria yao ndogo iliwaweka kundi moja na hospitali za wendawazimu, za walevi, na magereza. Kibali chenyewe ni cha mwaka mmoja. Mwaka ukiisha unaomba upya. Na ombi lazima liambatane na saini za wenye majengo walio ndani ya futi 200, kama mita 60 hivi. Mkutano wa hadhara ukafanyika, madiwani wakapiga kura, watatu kwa mmoja, ombi likatupwa.

Sasa sikilizeni sababu zao, maana mmezisikia zote, nyingine mwezi huu huu. Majirani walio wengi hawataki. Wazee wa mtaani wana hofu. Ng'ambo ya barabara kuna shule, wanafunzi watawasumbua wakazi. Kiwanja kiko kwenye bonde ambalo kwa hesabu za wataalamu hufikiwa na mafuriko mara moja katika miaka 500. Na mwisho, nyumba ni ndogo, watu ni wengi.

Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Julai 1985 hukumu ikatoka. Majaji walizichukua sababu moja moja. Shule? Shule hiyo hiyo ilikuwa na wanafunzi wapatao 30 wenye ulemavu wa akili, wakiingia na kutoka kila siku. Mafuriko? Kama bonde ni hatari kwa nyumba hii, ni hatari vile vile kwa hospitali na nyumba ya wazee, na hizo mmeziruhusu. Msongamano? Wangekuja watu 13 wengine kwenye nyumba ile ile, na vyumba vile vile vinne, msingewadai kibali. Na majirani kutotaka? Mahakama ikasema hofu tupu na kutowapenda watu, bila jambo lolote ambalo kikao cha matumizi ya ardhi kina haki ya kulipima, si sababu ya kunyima kibali. Ikaongeza kwamba halmashauri haiwezi kujificha nyuma ya matakwa ya wapiga kura ili kufanya kile ambacho katiba inakikataza.

Katika hukumu ile nimechota kipimo ambacho nakitumia kila ninapoingia kikaoni, nami nawaomba mkiandike. Badilisha watu. Kila pingamizi likisomwa, waondoe kichwani wale wanaolala kwenye nyumba ya dharura, uweke wauguzi wa zamu. Jengo libaki lile lile, vitanda vile vile, saa zile zile. Kisha soma pingamizi upya. Limebaki? Basi ni la jengo, lishughulikie kwa nguvu zote. Limeyeyuka? Basi lilikuwa la watu, halina kazi mezani.

Tulijaribu. "Choo cha sasa kinafurika, mkiongeza vitanda itakuwaje?" Weka wauguzi: choo bado kitafurika. Hilo pingamizi ni halali, na mwombaji aje na mchoro wa mfumo wa maji machafu, asije na machozi. "Watasimama getini jioni nzima." Weka wauguzi: wakikosa pa kusubiri, nao watasimama getini. Halali, na jibu lake ni chumba cha kusubiri ndani ya uzio, ambacho mara nyingi ndicho hicho kinachoombwa kwenye upanuzi! "Watoto wetu watapita mbele ya watu wale." Weka wauguzi. Kimya. Nimekiona kimya hicho kwa macho yangu. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama kupinga alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, kisha akainua mkono tena kuuliza habari ya taa za nje. Swali zuri sana, na taa tuliziongeza. Simlaumu mzee yule. Alikuwa na hofu ya kweli, tatizo ni kwamba kikao kilikuwa kimempa mlango mmoja tu wa kuitolea.

Najua mtakachosema. Mtasema hiyo ni Marekani, ni katiba yao, tena haikuwa nyumba ya dharura. Ni kweli, na hukumu ile hailazimishi mahakama ya nchi nyingine. Lakini nionyesheni sheria ya mipangomiji, popote pale, inayompa diwani kazi ya kupima tabia ya mpangaji. Sheria hizi zinazungumza matumizi ya ardhi, urefu wa jengo, umbali kutoka mpakani, njia, maji, moto. Mtasema pia kwamba majirani wana haki ya kusikilizwa. Wana haki, nami nimewatetea walipopewa notisi siku mbili kabla ya kikao. Kusikilizwa ni kutoa taarifa ambayo afisa hana: kwamba njia ile hujaa maji, kwamba gari la zimamoto halikati kona ile. Jirani anayejua kona ana thamani kuliko ripoti nzima.

Tuje kwenye upanuzi, maana upanuzi una mtego wake. Ombi la nyumba mpya likikataliwa, kiwanja kinabaki kitupu. Ombi la upanuzi likikataliwa, watu wamo tayari. Kamati ikiahirisha miezi mitatu "ili kutafakari", inadhani imeacha mambo yalivyo. Mambo yalivyo ni yapi? Niliwahi kusimamia nyumba ambayo kibali chake kilikuwa cha watu 24. Usiku wa mvua nilipita na tochi kwenye korido. Magodoro yalikuwa yamepangwa kichwa kwa miguu, kutoka mlango wa jiko hadi mlango wa dharura. Kwenye godoro la mwisho alilala mama na watoto wawili, amefunga kamba za viatu vyao pamoja na kuvizungusha mkononi ili visipotee. Mlango wa dharura ule ulifungukia ndani. Nilijaribu kuufungua taratibu. Ulifunguka upana wa kiganja, ukagota kwenye godoro. Nikaufunga tena, nikakaa kwenye kiti pale pale hadi alfajiri, kwa sababu kama moto ungetokea ilibidi awepo mtu wa kulivuta godoro. Wakati huo faili letu lilikuwa mezani kwa halmashauri moja ambayo sitaitaja, limeahirishwa kwa mara ya tatu.

Limeahirishwa kwa nini? Kwa sababu ya maegesho ya magari. Jedwali lao la viwango vya maegesho halikuwa na mstari wa nyumba ya dharura, hivyo karani akatuweka kwenye mstari wa hoteli. Hoteli hupigiwa maegesho kwa idadi ya vyumba. Kila chumba tulichoongeza kikadai nafasi ya gari, na kila nafasi ya gari ikala ardhi ya chumba. Wageni wetu wanafika kwa miguu, wengine bila viatu! Nilisimama nikaeleza kwamba magari pale ni ya wafanyakazi wa zamu tu, hesabuni hao. Wakakubali kwa vichwa, lakini jedwali ni jedwali, lirudi kwa mwanasheria. Maafisa mipango mliopo hapa, hili liko mikononi mwenu na halihitaji mwanasiasa: ongezeni mstari mmoja kwenye jedwali. Nyumba ya dharura, maegesho kwa idadi ya wafanyakazi wa zamu kubwa. Basi.

Kuna wanaosema tusipanue nyumba za dharura, tujenge nyumba za kudumu. Sina ugomvi nao. Finland tangu mwaka 2008 imewekeza kwenye kumpa mtu nyumba kwanza, na mabweni ya dharura mengi wameyageuza kuwa nyumba ndogo za kupangisha. Hata hivyo kazi yenyewe ni ya ujenzi, na ujenzi huchukua muda; asiyekuwa na makazi ya kudumu leo atalala wapi leo? Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilitamka mwaka 2000, katika kesi ya Irene Grootboom, kwamba mpango wa nyumba wa serikali lazima uwe na sehemu ya walio katika hali mbaya kabisa, wasio na paa juu ya vichwa vyao. Bi Grootboom alishinda kesi. Alifariki mwaka 2008, bado anaishi kwenye kibanda. Nikisikia neno "tuahirishe", namkumbuka yeye.

Masharti. Niseme haraka. Sharti la kuhuisha kibali kila mwaka likataeni; hakuna benki wala mfadhili atakayejenga ghorofa juu ya kibali cha miezi 12. Sharti la kupeleka orodha ya majina ya wanaolala, likataeni pia. Sharti la msimamizi kuwepo usiku, taa, idadi ya juu ya vitanda, eneo la kusubiri ndani, hayo ni masharti ya kweli yanayopimika. California walipitisha sheria mwaka 2007 inayotaka kila mji utenge angalau eneo moja ambapo nyumba ya dharura inajengwa bila kibali cha hiari ya madiwani, ikitimiza masharti ya namna hiyo yaliyoandikwa mapema. Yaani mwombaji anajua anachotakiwa kabla hajachora mstari wa kwanza. Ningependa kulizungumza hili kwa saa nzima, lakini saa hiyo sina.

Lakini hili la notisi siwezi kuliruka. Wengine hapa mnahifadhi wanawake waliokimbia vipigo. Usalama wa nyumba ile ni kwamba mume hajui iko wapi. Ukiomba kuipanua, kanuni inadai bango getini, anwani kwenye tangazo, na michoro iwekwe wazi ofisini kwa yeyote kuitazama. Michoro inaonyesha nini? Milango, madirisha, ngazi ya nyuma, chumba cha watoto. Tunamkabidhi ramani mtu yule yule tuliyemkimbia. Nimemwona mkurugenzi wa nyumba kama hiyo akiamua kutoomba kabisa, akaendelea kubana vitanda vya dabo deka kwenye chumba kilichokuwa cha kuchezea watoto, na siwezi kumhukumu. Waheshimiwa, kanuni zenu zitamke wazi kwamba kwa nyumba za aina hii jirani anaarifiwa kwa barua, maelezo yanataja ukubwa wa jengo na matumizi ya "makazi", na michoro ya ndani inaonwa na afisa na zimamoto peke yao. Jirani hapotezi chochote. Kivuli cha ghorofa anakiona, bomba analiona, mpaka anauona. Kitanda cha nani kiko wapi hakimhusu.

Rufaa nilitaka kuizungumzia, na fedha za wafadhili zinazoisha muda wakati faili limelala. Waulize wenzangu wa mbele hapa, kila mmoja ana kisa.

Sasa chaki. Mheshimiwa uliyeniuliza asubuhi kama korido haitoshi kwa miezi mitatu, njoo tafadhali. Na wewe afisa mipango, na wewe kijana. Nimeupima mstatili huu kwa mtu mmoja, lakini mama yule alikuwa na watoto wawili, kwa hiyo mlale watatu. Vueni viatu. Kichwa huku, miguu ukutani. Mko sawa? Aliye nje, sasa fungua mlango.