Swali Ni Inashuka Mpaka Wapi

Ahsanteni, ahsanteni. Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi. Kabla sijaanza, kila mwenye tochi mwilini sasa hivi anyooshe mkono. Nimesema tochi, bwana, shusha hiyo simu. Naona wanne. Mmoja wao tochi hiyo nilimpa mimi, kwa hiyo ni watatu. Haya, mwenye tochi nyumbani: kwenye droo, kwenye gari, juu ya kabati? Ukumbi mzima! Penye miti hapana wajenzi. Tutalifikia hilo kama muda utatosha, ingawa wanaonifahamu wanajua haujawahi kutosha.

Watu hunijia kuomba ushauri wa tochi ndogo ya kila siku, ile ya kukaa mfukoni kama funguo, na wote wana swali moja: ina lumeni ngapi, yaani inatoa mwanga kiasi gani? Nawajibu, wanafurahi au wananuna, wanakwenda zao. Miaka yote hii nangoja mtu mmoja tu aniulize lile lingine. Inashuka mpaka lumeni ngapi? Na nikiibonyeza mara ya kwanza, gizani, nikiwa nusu usingizini, itawaka kwa nguvu gani? Hakuna. Wanunuzi wanatazama juu ya ngazi, hawatazami kidato cha kwanza, na kidato cha kwanza ndicho watakachokanyaga kila siku.

Niwape kisa changu, na mliokwisha kukisikia mnisamehe, maana nitakisimulia chote. Nilinunua tochi mpya, lumeni 1000, kitu kinachoenea kiganjani. Nikailaza kando ya mto kama mtu aliyepata silaha. Saa nane usiku nikasikia maji: to, to, to. Mtoto wetu alikuwa amelala baada ya kubembelezwa saa mbili nzima, mama yake naye ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi, kwa hiyo taa ya chumbani sikuigusa. Nikanyanyuka kwa ncha za vidole, mume mwema kabisa, nikaelekeza tochi mbele, nikabonyeza. Hatua moja mbele yangu palikuwa na ukuta mweupe.

Chumba kiligeuka mchana. Mtoto alianza kulia kabla mimi sijawahi kufumba macho. Mke wangu akaketi kitandani akauliza nini kinaungua. Nikazima haraka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika hasa, kwa sababu sasa sikuona chochote isipokuwa duara la kijani likielea kila nilikotazama. Kabla ya kuwasha nilikuwa nauona mlango, nauona ukingo wa kitanda, nakiona hata kigoda. Baada ya kuwasha, kigoda nilikiona kwa kidole kidogo cha mguu. Nikawasha tena kwa hasira, ikanipa zile zile 1000! Tochi hiyo ilikuwa na kile wauzaji wanachokisifia kuwa ni kumbukumbu: huwaka kwa kiwango ulichoizimia. Jioni ile nilikuwa nje nikimwonyesha jirani inavyofika mbali. Tochi ilikumbuka, mimi nilikuwa nimesahau.

Na maji je? Bomba la kunawia halikufungwa vizuri. Basi. Kazi yote ilitaka mwanga wa kuonyesha mahali pa kushika. Mshumaa mmoja hutoa kama lumeni 12, na hata huo ungekuwa mwingi. Mimi nilikwenda na 1000, nikarudi na kidole kilichovimba na familia isiyosemezana nami mpaka asubuhi.

Jicho lilinifanya nini? Ndani yake kuna seli za aina mbili. Za mchana zinajua rangi, za usiku hazijui rangi lakini zinaona gizani, kwa msaada wa kitu kiitwacho rodopsini. Hicho hujikusanya polepole. Kuzoea giza sawasawa huchukua dakika 20 hadi 30. Ukikimwagia mwanga mkali kinapauka papo hapo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaianza upya. Kwa hiyo mtu anayetoka nje usiku na kuwasha nguvu zote ili "aone vizuri" anajinunulia kipande kidogo cha mchana mbele ya miguu yake, na kulipia kwa kila kitu kilicho pembeni.

Najua mtu anataka kuniambia habari za taa nyekundu. Nyekundu hafifu ni sawa, seli za usiku haziijali sana. Nyekundu kali huharibu kama nyingine tu, na jaribu kuusoma mstari mwekundu kwenye ramani kwa taa nyekundu, utautafuta mpaka kuche. Nyeupe ya nusu lumeni inatosha.

Mwingine, namwona pale anatikisa kichwa, atasema: si uzibe kwa kiganja? Ndiyo, unaweza. Vidole vitang'aa vyekundu kama makaa, na tochi yenye nguvu itakuchoma kweli baada ya muda. Lakini sikiliza unachokisema: umenunua nguvu nyingi halafu unaajiri mkono mmoja wa kuizuia. Mkono huo ulikuwa wa kufungia bomba.

Na pingamizi kubwa kuliko yote: "Nyingi ni akiba, si lazima nizitumie." Sawa. Tuone hiyo akiba. Tochi ndogo haina mahali pa kupeleka joto. LED, kile kitaa chenyewe kilichomo ndani, ikisukumwa kwa nguvu zote, mwili wa alumini unapata moto, na saketi iliyomo ndani inapunguza mwanga ili isijiunguze. Dakika moja, mbili, tatu, umeshuka. Kuna kipimo ambacho watengenezaji wengi hukifuata, FL1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009. Hicho kinataka lumeni zipimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga uporomoke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo sanduku likiandika lumeni 1000, saa tatu, huenda umepata 1000 kwa dakika mbili, 300 kwa muda mrefu, kisha mteremko mpaka 100, na sanduku halijasema uongo hata neno moja. Umbali nao huhesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki robo ya luksi, kipimo cha mwanga unaoangukia kitu; hiyo ni takriban mbalamwezi ya mwezi mpevu. Ukiandikiwa mita 200, usitegemee kumtambua mtu kwa sura huko mita ya 200.

Jicho lenyewe halihesabu kama muuzaji. Ili uone mwanga umekuwa maradufu, lumeni mara mbili hazitoshi, zinatakiwa kama mara nne. Anayeacha ya 500 akakimbilia ya 600 amenunua namba.

Hapa huwa napenda kukumbusha hati ya ubunifu wa tochi ya mwaka 1899, ya David Misell, Mwingereza aliyekuwa New York. Tochi za mkononi za wakati ule zilikuwa na betri kavu dhaifu na balbu za uzi wa kaboni. Ulimulika kidogo, ukaachia ili betri ipumzike, ukamulika tena. Ndiyo maana Waingereza na Wamarekani hawakubaliani hata jina la kitu hiki: Wamarekani bado wanakiita "flashlight", taa ya kumulika mara moja. Zaidi ya miaka 120 baadaye tunatoa fedha nyingi zaidi ili tupate kile wanachokiita turbo, mwanga wa dakika moja kisha pumzika. Misell angejisikia nyumbani.

Basi ninachotaka kwenye tochi ya mfukoni ni hiki. Kiwango cha chini kisichofika lumeni moja, au kisichozidi mbili tatu. Cha kati, 30 mpaka 100, cha kutembelea na kutengenezea vitu. Cha juu, 200 au 300, cha kujua ni nini kimetikisika kule kwenye majani. Na mpangilio uanzie chini, kila mara, bila kumbukumbu. Ukitaka zaidi, bonyeza zaidi. Yale mamweko ya kupepesa ya kutisha watu, kama lazima yawepo, yafichwe mbali. Nimewahi kumwona fundi akijaribu kukaza skrubu huku tochi yake ikimpepesa kama dansi, amepitiliza kiwango kimoja na sasa inabidi azunguke vyote tena.

Muda? Tayari? Nilijua. Basi kubeba, kwa haraka.

Ukubwa huamuliwa na betri. Ya AAA ina kipenyo cha milimita 10.5, tochi yake inakuwa kama kalamu fupi na utaisahau mfukoni, sifa kubwa kuliko lumeni zote. Ya AA ni milimita 14.5, inabeba nishati zaidi ya maradufu, na kwa mtu ninayemjua kidogo tu hiyo ndiyo nitakayompendekeza. Ya 18650 ina milimita 18 kwa 65, jina lake limebeba vipimo hivyo, ina nguvu kweli, lakini inavuta suruali chini. Wiki ya kwanza utaibeba kwa fahari, ya pili utaiacha mezani, ya tatu iko kwenye droo na zile nyingine mlizoninyooshea mikono. Pimeni kwa mfuko wenu mnaouvaa kweli.

Iwe na klipu imara, na ikae mahali pamoja siku zote, mkono uijue bila kuulizwa. Klipu inayoruhusu tochi kukaa kichwa juu au kichwa chini inaweza pia kuibana kwenye kofia, ukapata taa ya kichwani na mikono miwili huru. Isikae mfuko mmoja na funguo; zitaichubua kioo, na zitabonyeza swichi. Tochi yenye nguvu ikijiwasha mfukoni hutoboa nguo. Nyingi ukilegeza kizibo cha nyuma robo mzunguko hazitawaka hata swichi ikibonyezwa. Jaribuni yenu leo.

Simu? Simu ni ya kumpigia mtu umwambie umeanguka shimoni. Usiitumie kutafutia shimo.

Betri. Tuliambiwa akiba haiozi; aliyesema hivyo hakuwahi kusahau betri za alkalaini ndani ya tochi miaka miwili. Zinavuja, ule unga mweupe unakula springi, na kizibo hakifunguki tena. Ya kukaa muda mrefu bila kutumika, weka lithiamu zisizochajiwa, hizo hazina tabia hiyo. Ya kila siku, za nikeli zinazochajiwa, volti 1.2, zinatosha kabisa. Na onyo: ipo betri iitwayo 14500, umbo ni la AA kabisa, lakini ni lithiamu ioni ya volti 3.7. Usiitie kwenye tochi isiyoandikwa kwamba inaikubali, utaunguza saketi. Wala msitembee na betri ya lithiamu ioni ya ziada ikiwa uchi mfukoni pamoja na sarafu. Sarafu ikigusa ncha zote mbili, utavua suruali mbele za watu. Ina kisanduku chake, itie humo. Na kwenye ndege, betri hizo za akiba hupanda nawe juu, haziwekwi kwenye mizigo ya chini.

Rangi, jambo ambalo lingestahili saa nzima. Hiyo LED nyeupe si nyeupe. Ni kichipu cha buluu kilichofunikwa unga wa manjano, na macho yako ndiyo yanayochanganya. Wajapani waliofanikisha LED ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014, na walistahili. Lakini mchanganyiko wa bei ya chini una uhaba wa nyekundu. Waya wa kahawia na waya mwekundu vinafanana, damu kwenye nguo nyeusi inaonekana kama maji. Kwenye maelezo tafuteni kiwango cha uhalisi wa rangi, CRI, 90 na kwenda juu. Lumeni zitapungua kidogo. Najua mnajua nitakachosema kuhusu hilo, kwa hiyo siwasumbui.

Kuhusu maji, alama ya IPX7 maana yake tochi inastahimili kuzama mita moja kwa nusu saa, inatosha, paka mpira wa kizibo mafuta ya silikoni. Kudondoka naruka. Swichi za elektroniki zinazonyonya betri hata zikiwa zimezimwa naruka, kwa uchungu.

Maswali yapo? Mama pale nyuma. Ngoja kidogo, mama. Mwenye swichi za ukumbi, tuzimie taa zote tafadhali, nataka kuonyesha kitu. Ahsante. Hapana, hapana, zimeni hizo simu! Kaeni hivyo hivyo kama dakika, acheni macho yafanye kazi yake. Haya. Wale watatu wangu, mmoja tu awashe, kiwango cha chini, aelekeze darini.

Naam. Mama, endelea na swali lako, tunakuona.