Mrija Ukichomoka Usiku: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Uhandisi wa Vifaa vya Tiba, Kisumu

Asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, feni hii ina sauti kunishinda.

Mrija wa kulishia tumboni hupewa mgonjwa asiyeweza kumeza: mtoto mwenye utindio wa ubongo, mzee aliyepata kiharusi na, huku kwetu magharibi, wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Kuuweka kwa endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, bila kupasua tumbo, kulianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1979. Hilo tuwaachie madaktari. Sisi tunashughulika na kuubadilisha, na zoezi nililowapa ni kubuni kifaa cha kusaidia hapo.

Aina nyingi hushikiliwa ndani na kipira kilichojazwa maji kidogo, mililita 5 hivi. Kipira huchakaa, ndiyo maana mrija hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kikipasuka kabla ya hapo, mrija unachomoka, na tundu la tumboni ulimopita laweza kuanza kuziba ndani ya saa chache. Sasa mfikirieni mama wa Nyakach, mvua inanyesha, bodaboda hakuna. Huyo ndiye mnayemtengenezea kifaa.

Katika mapendekezo yenu wengi mmeandika kwamba tatizo la kubadilisha mrija ni maumivu. Mimi naogopa njia ya uongo. Tundu ambalo halijakomaa, mrija ukilazimishwa, ncha yaweza kupita kando ya mfuko wa chakula. Uji ukimiminwa huko, mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo kifaa chenye ncha ngumu, kinachorahisisha kusukuma, sikitaki hata kukiona.

Nionyesheni kizibo laini cha kulinda tundu mpaka mama afike hospitalini. Na kwa anayebadilisha, njia ya kuhakikisha kabla ya kulisha: anavuta majimaji kwa bomba la sindano, karatasi ya pH, ya kupimia asidi, isome 5.5 au chini, ishara kwamba majimaji ni ya mfuko wa chakula. Rangi zenyewe zinakaribiana, naye anamulika kwa tochi ya simu! Hapo pana kazi. Tena anayepewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, asidi yake imepungua, karatasi itakataa hata mrija ukiwa mahali pake. Afadhali ikosee upande huo.

Kwa dharura mtaona mpira wa kutolea mkojo (katheta) umetumika badala ya mrija. Msiucheke: ni rahisi, na kipira unacho. Kasoro yake ni kwamba hauna kizuizi cha nje, basi huvutwa ndani na kuziba njia ya kutokea chakula. Atakayeniletea kizuizi cha kuushika, cha bei ya mfuko wa unga, nitampa alama zaidi ya mwenye kifaa cha betri.

Haya, maswali.