Haniwa: Sanamu Zilizosimama Nje ya Kaburi

Mabibi na mabwana, nianze na hadithi. Kitabu cha tarehe ya wafalme wa Japani, Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720, kinasema nduguye Mfalme Suinin alipofariki, watumishi wake walizikwa wima, wakiwa hai, kulizunguka kaburi. Walilia usiku na mchana hadi wakafa, kisha wakaja mbwa na kunguru. Mfalme aliumia moyo. Malkia alipofariki, mhudumu wa mfalme, Nomi no Sukune, akaita wafinyanzi mia moja wa eneo la Izumo, wakafinyanga watu na farasi wa udongo wa kusimama mahali pa walio hai. Sanamu hizo ndizo haniwa.

Kila nikiisoma hunigusa. Lakini ardhi inasema mengine. Haniwa za kwanza, za karne ya 3, hazikuwa watu hata kidogo. Zilikuwa mirija minene ya udongo, iliyotokana na vigoda vya kuwekea vyungu vya tambiko huko Kibi, Okayama ya leo. Zikafuata nyumba, ngao na ndege. Watu na farasi walikuja karne ya 5.

Nawaomba mlishike hili: haniwa hazikulazwa na maiti. Ndani, marehemu aliwekewa vioo vya shaba, panga na shanga. Haniwa zilichomekwa nje, juu ya tuta la udongo lililofunika kaburi, shina la mrija likizama udongoni. Goshikizuka, kaburi la Kobe lenye urefu wa mita 194, linakadiriwa kuzungushiwa zaidi ya 2,000, zimebanana kama ua. Aliyefika pale alijua aishie wapi.

Twende Imashirozuka, mjini Takatsuki, kaburi ambalo wataalamu wengi wanaona ni la Mfalme Keitai, aliyefariki mwaka 531. Ukingoni zilipatikana zaidi ya haniwa 200: nyumba, makuhani wa kike, askari, wanamieleka, farasi, majogoo, kila kundi na ua wake. Wapo wanaosema mpangilio huo unaonyesha kutawazwa kwa mrithi. Mimi naegemea wanaoona matanga. Zama zile maiti ya mkubwa haikuzikwa upesi. Ilikaa katika nyumba ya maombolezo, mogari, watu wakiilia na kuichezea ngoma. Nyumba zile za udongo ndani ya ua zinafanana mno na mahali pa kukesha na maiti.

Leo pale ni bustani ya wazi. Nakala za sanamu zimepangwa nyasini, na watoto hupita katikati ya farasi na majogoo.