Tanzania na Kenya: kulinganisha naitrasi oksaidi ya masalia ya mazao

Karibuni, tuko Moshi. Leo tunalinganisha naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto, inayotoka kwenye masalia ya mazao (mabua na mizizi inayobaki shambani), Tanzania na Kenya. Washa kompyuta tufanye pamoja.

Ingia FAOSTAT, tovuti ya takwimu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, sehemu ya tabianchi, chagua Emissions from Crops. Tanzania usiitafute kwenye T. Iko kwenye U: United Republic of Tanzania. Weka tiki kwenye masalia ya mazao tu. Methani ya mashamba ya mpunga na uchomaji wa mabua ni hesabu nyingine. Chukua miaka mitano mfululizo au zaidi, maana mwaka mmoja wa ukame utakupotosha. Pakua faili.

Usikimbilie kuchora grafu. FAO haipimi gesi shambani. Inachukua mavuno na eneo, inakadiria naitrojeni ya mabua na mizizi, halafu inatumia kiwango kilekile kwa nchi zote: asilimia 1 ya naitrojeni hiyo huhesabiwa kuwa imetoka kama gesi, kutoka mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi. Kwa hiyo tofauti unayoiona kwenye jedwali kwa kiasi kikubwa ni tofauti ya mavuno na eneo.

Hakikisha kwa kikokotoo, kwa viwango vya mahindi vya mwongozo huohuo. Hekta moja, mahindi tani 2. Zidisha kwa 0.87 kuondoa maji: kilo 1,740. Mabua ni 1,740 mara 1.03, jumlisha 610: kilo 2,402. Naitrojeni yake, asilimia 0.6, ni kilo 14.4. Mizizi ni asilimia 22 ya mabua na nafaka kwa pamoja, kilo 911. Naitrojeni yake, asilimia 0.7, ni kilo 6.4. Jumla 20.8. Asilimia 1 yake ni 0.208, na hapa ndipo wengi wanaharibu: hiyo bado ni naitrojeni, si gesi. Zidisha kwa 44 (uzito wa gesi), gawanya kwa 28 (uzito wa naitrojeni iliyomo). Unapata kilo 0.327 za gesi.

Iangalie tena ile 610. Haishuki hata mavuno yakishuka. Shamba la tani 2 kwa hekta linatoa gramu 163 za gesi kwa kila tani ya mahindi. La tani 1.5 linatoa gramu 175. Ukisema wakulima wa nchi yenye mavuno madogo wanachafua zaidi, unawaonea. Ni fomula hiyo.

Sasa pakua eneo lililovunwa la mazao yaleyale yaliyomo kwenye hesabu. Kahawa na migomba ya Kilimanjaro haimo, usiijumlishe. Kilotoni za gesi kwenye faili zidisha kwa 1,000,000 upate kilo, kisha gawanya kwa hekta. Tazama na herufi pembeni ya kila namba: A ni takwimu rasmi, E na I ni makadirio.

Kuna jambo hapa Moshi lazima lisemwe. Baada ya mavuno, mabua ya tambarare yanapakiwa kwenye pikapu na kupandishwa mlimani kwa ng'ombe wa zizini. Mwongozo wa IPCC unasema kama huna takwimu za mabua yaliyoondolewa, chukulia hakuna yaliyoondolewa. Yakiondolewa yote, hekta yetu inabaki na mizizi tu: kilo 0.10 za gesi. Ila usishangilie, maana naitrojeni imehamia kwenye samadi, na huko nako inahesabiwa.

Ukitaka kugeuza kuwa kipimo cha kaboni dayoksaidi, zidisha kwa nguvu ya gesi hii ya kupasha joto, 265 au 273, mradi iwe moja kwa nchi zote mbili. Na ukichukua ripoti ya taifa badala ya FAO, soma kwanza imetumia mwongozo upi: marekebisho ya 2019 ya mwongozo wa IPCC yanaruhusu asilimia 0.6 kwa maeneo ya mvua na 0.5 kwa makavu, badala ya ile 1.