Mtoto Hajaanza Kuongea: Tuanzie Masikioni

Shikamooni wazee wetu, na habari za asubuhi wazazi wenzangu. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza. Nimewaona na akina dada wanaolea watoto majumbani. Nimefurahi sana kuwaona, na baadaye nitasema kwa nini.

Kazi yangu ni tiba ya usemi. Mara nyingi naletewa mtoto wa miaka miwili na nusu, hasemi kitu, na kabla hajafika kwangu ameshapitishwa kwingi. Mmoja kasema kimeo chake kirefu, kikakatwa. Mwingine kasema ulimi umefungwa, ukakatwa ule uzi wa chini. Mtoto kavuja damu na bado haongei. Jamani, kimeo hakina kosa lolote. Kukikata mtaani kunaweza kuleta damu isiyokatika, maambukizi, hata kifo, na hakumfanyi mtoto aongee. Uzi wa ulimi nao, ukiwa mfupi sana, unaweza kumsumbua mtoto wakati wa kunyonya, au baadaye katika sauti chache. Lakini haumzuii kusema "mama" wala "baba". Jaribuni hapo mlipo: mama, baba. Ni midomo miwili tu inakutana, ulimi haujafanya kazi yoyote.

Tukiacha ulimi, tuangalie wapi? Masikio. Mtoto hawezi kutoa lugha ambayo haijamwingia. Nikiuliza habari ya masikio naambiwa, "Anasikia huyu, mlango ukigongwa anageuka." Mlango ukigongwa hata sakafu inatikisika. Kuna watoto wanaosikia kishindo cha mlango na honi ya daladala, lakini hawapati sauti nyembamba kama s, f na sh. Akipata mafua ya mara kwa mara, majimaji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, na maneno yanamfikia kwa uvivu, nusu nusu. Sikio halitoi usaha, halimuumi, hivyo nyumbani hakuna anayeshtuka. Mkimwita halafu haitiki, anaambiwa mkaidi.

Kwa hiyo mtoto anayechelewa kuongea apimwe usikivu kwanza. Kuna kipimo cha kuweka kidude laini sikioni, kinatoa sauti na kusoma jibu la sikio lenyewe. Hakihitaji mtoto ajibu chochote, hata akiwa amelala kinafanyika. Msichelewe hasa kama alizaliwa njiti, alipata manjano kali, au aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo. Na ikigundulika hasikii, usikate tamaa. Kuna vifaa vya kusikilizia, na kwa wanaohitaji zaidi, Muhimbili walianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio. Kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wakipelekwa India. Lakini kifaa hicho kinamfaa zaidi mtoto anayekipata mapema, wakati ubongo bado unajifunza lugha kwa kasi. Ndiyo maana ile kauli ya "mwache, ni mtoto wa kiume, ataongea tu, hata baba yake alichelewa" inaniumiza. Wapo wanaoongea wenyewe, ni kweli. Ila ukimtazama mtoto kwa macho huwezi kujua yeye ni yupi.

Umri? Kwa kifupi. Akitimiza mwaka, aitike jina lake na aonyeshe kitu kwa kidole. Mwaka na nusu, awe na maneno yake machache. Miaka miwili, aunganishe mawili: "baba njoo", "taka maji". Akisema "lafiki" badala ya "rafiki" akiwa na miaka mitatu, hilo lisikutie hofu, r huchelewa. Bali mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, wa umri wowote, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo.

Sasa simu. Hapa Dar es Salaam tunapata watoto wanaohesabu mpaka "twenty" na kuimba rangi zote kwa Kiingereza, lakini wakiwa na kiu wanalia tu. Katuni inasema na mtoto, haimsubiri ajibu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Bibi aongee naye Kichaga, Kisukuma, Kimakonde, asizuiwe. Zungumza naye lugha inayokutoka vizuri.

Mkija kwetu mtaona tunacheza na mtoto kwenye mkeka, na kuna wazazi wanaoondoka wamekasirika: nimelipa nauli ya kuja kutazama mchezo? Mchezo ule ndio tiba, na sisi tunakuwa naye muda mfupi tu kwa wiki. Inayobaki ni ya nyumbani. Akisema "gari", usimsahihishe, mwongezee: "Gari kubwa. Gari linakuja." Muulize, "Unataka embe au ndizi?" kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Huo ukimya ni mgumu kwetu watu wazima, lakini ndani yake mtoto anatafuta neno. Usimfiche maji ukimwamuru, "Sema maji! Sema!" Atajifunza kuogopa kuongea. Hata mwenye kigugumizi, usimwambie arudie wala apumue kwanza. Mwache amalize, umtazame usoni.

Na hapo ndipo nawarudia akina dada. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya mwendokasi, anarudi mtoto kalala. Anayeongea na mtoto kutwa nzima ni dada. Basi siku ya tiba aje na yeye, akae mkekani, afundishwe kama mzazi. Mpeni nauli yake na mpeni heshima hiyo.

Mkija, leteni kadi ya kliniki, na mrekodi kwa simu dakika mbili tatu za mtoto akicheza nyumbani, maana kwetu wengi wananyamaza kwa ugeni. Haya, mama wa kule nyuma ulinyoosha mkono tangu mapema. Karibu uulize.