Konsoli hukwama kwenye mikono ya watu

Asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na chipu ili tumalizane nayo mapema, maana kila nikitaja mlipuko wa ugonjwa na konsoli za gemu, watu wote hukimbilia huko. Ni kweli, PlayStation 5 na Xbox Series X, zote zilizotoka Novemba 2020, zinatumia chipu zilizosanifiwa na AMD na kutengenezwa na kampuni moja, TSMC ya Taiwan. Ni kweli pia kwamba chipu ziliadimika dunia nzima. Watengenezaji wa magari walifuta oda zao mwanzoni mwa janga la UVIKO-19 wakidhani hakuna atakayenunua gari, kisha wakarudi mbio na kukuta foleni imeshajaa. Hayo mmeyasikia mara nyingi, sitayarudia.

Ninachosema mimi, na wengine hapa mmeshanisikia nikikisema, ni kwamba kiwanda cha chipu ni mahali ambapo ugonjwa wa kuambukiza hupata taabu sana kuingia. Watu ni wachache, wamevaa mavazi yanayowafunika utosini hadi nyayoni, hewa inachujwa saa zote, na sahani za silikoni zinazokatwa kuwa chipu zinasafirishwa kutoka mashine hadi mashine zikiwa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Wuhan, mji wa China ulikozuka ugonjwa, ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020, kiwanda cha YMTC kinachotengeneza chipu za kumbukumbu mjini humo kiliendelea na kazi. Treni zimesimama, barabara zimezibwa, na chipu zinatoka. Wakati huohuo viwanda vya kuunganisha vifaa vilivyo mbali kabisa na Wuhan, kusini huko Shenzhen, vilikuwa kimya. Kwa nini?

Kwa sababu huko kuna watu wengi. Konsoli huunganishwa kwenye meza ndefu, na wanaoiunganisha ni binadamu.

Naomba tukae kwenye meza hiyo kidogo. Mfanyakazi ameketi kwenye stuli, bega kwa bega na mwenzake. Ubao mkuu unafika mbele yake. Anachukua waya bapa unaolegea, anaulenga kwenye tundu lake, anabonyeza kibano kidogo cha plastiki kwa ncha ya kidole mpaka kilie, anausogeza ubao mbele. Sekunde chache tu, na mwingine umeshafika. Kulia kwake yupo anayefunga skrubu nne, zilezile nne, kutwa nzima. Anayefuata anaweka feni. Mbele zaidi kuna anayewasha mashine, anasikiliza feni, anajaribu milango ya kuchomekea waya mmoja baada ya mwingine. Kasi ya laini, yaani mstari mzima wa meza hizo, ni kasi ya yule aliye mzito kuliko wote. Sasa ondoa watu watatu kwenye laini ya watu sitini. Aliye nje ya kiwanda hupiga hesabu kwamba konsoli zimepungua kwa asilimia tano. Sivyo. Meza tatu zimebaki tupu, ubao unarundikana mbele ya meza ya kwanza, na wanaofuata baada yake wamekunja mikono. Msimamizi atahamisha watu, atapanga upya, atamfundisha mgeni kubana ule waya bila kuuvunja, na wakati huo laini inakwenda nusu mwendo au imesimama. Hapo hata chipu moja haijakosekana.

Na hao watatu wanalala wapi? Hili ndilo linalonikera linapoachwa nje ya mazungumzo. Wengi wanalala bwenini, watu sita au wanane chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Wanakula kantini moja kwa zamu. Mmoja akikohoa usiku, wenzake wote wamekoholewa. Wenye viwanda wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Februari 2020 Foxconn, muunganishaji mkubwa kuliko wote duniani, ilianza kushona barakoa ndani ya kiwanda chake cha Longhua, Shenzhen, na ikajiwekea lengo la barakoa milioni 2 kwa siku kufikia mwisho wa mwezi huo. Kampuni ya vifaa vya elektroniki inashona barakoa! Walijua kwamba bila kuziba midomo na pua za watu wao, mashine zote walizonazo ni vyuma vitupu.

Tukumbuke pia ulikuwa msimu gani. Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia tarehe 25 Januari, siku mbili tu baada ya Wuhan kufungwa. Mamilioni ya wafanyakazi walikuwa wameshaondoka viwandani kwenda kwao, Henan, Hunan, Sichuan, na Hubei yenyewe, mkoa wa Wuhan. Walikwenda kula sikukuu wiki moja na kurudi. Likizo ikaongezwa. Mikoa mingi ikakataza viwanda kufunguliwa kabla ya tarehe 10 Februari. Aliyefanikiwa kurudi akitokea sehemu zenye ugonjwa akawekwa karantini siku 14 kabla ya kugusa skrubu. Mwanzoni mwa Machi Foxconn ilikuwa bado inasema idadi ya wafanyakazi wake itarudi kawaida ifikapo mwisho wa mwezi. Hesabuni wenyewe: sikukuu ya wiki moja imezaa miezi miwili ya kusuasua, na wengi wa hao wafanyakazi hawakuugua hata siku moja. Walizuiwa njiani.

Matokeo yake hayakuchelewa. Tarehe 6 Februari 2020 Nintendo iliwaomba radhi wateja wa Japani: konsoli yake ya Switch, padi za Joy-Con na gemu la mazoezi la Ring Fit Adventure zitachelewa. Toleo maalumu la Switch lililopambwa kwa ajili ya gemu la Animal Crossing lilikuwa lianze kupokea oda baada ya siku mbili tu, nalo likasogezwa mbele. Kisha gemu lenyewe likatoka tarehe 20 Machi, watu wamefungiwa nyumbani dunia nzima, na ndani ya wiki sita za kwanza nakala zaidi ya milioni 13 zikauzwa. Mnaona mtego ulivyo? Ugonjwa uleule unaomzuia fundi asifike mezani ndio unaomfungia mnunuzi ndani na kumpa hamu ya konsoli. Bidhaa nyingi katika janga hupungua huku na wanunuzi wakipungua kule, mambo yakajisawazisha kwa namna fulani. Konsoli haina bahati hiyo.

Sasa utaniambia: si wahamishe tu viwanda? Waliokuwa na hofu walikuwa wameshaanza. Juni 2019 Microsoft, Nintendo na Sony, wapinzani wa jadi, waliandika barua moja kwa serikali ya Marekani kulalamikia ushuru, na humo wakasema asilimia 96 ya konsoli zilizoingia Marekani mwaka 2018 zilitoka China. Mwaka huohuo wa 2019 Nintendo ikapeleka sehemu ya uzalishaji wa Switch nchini Vietnam, ikisema inagawanya hatari. Vizuri. Lakini Februari 2020 ikaripotiwa kwamba kiwanda cha Vietnam nacho kinakosa vipuri, kwa sababu vipuri vinatoka wapi? China. Umehamisha meza, umeacha stoo.

Na subirini, haijaishia hapo. Mei 2021 ugonjwa ukaingia Bac Giang, kaskazini mwa Vietnam. Maeneo manne ya viwanda yakafungwa kwa muda. Kiwanda cha Hosiden kilichomo humo, na Hosiden ni mmoja wa waunganishaji wa Switch, kikawa mojawapo ya vitovu vikubwa vya maambukizi. Ugonjwa ulienea kiwandani na kwenye vyumba vya kupanga vya vijiji jirani, wafanyakazi wamebanana humo kama walivyobanana kwenye laini. Serikali ikaja na utaratibu wa watu kufanya kazi, kula na kulala palepale kiwandani, hema likasimikwa karibu na mashine. Nchi ni nyingine, lugha ni nyingine, na chumba ni kilekile. Kamba hukatikia pabovu, na ukihamisha kamba bila kuishughulikia sehemu mbovu, umehama nayo.

Wa pili ataniambia: roboti. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu upo mfano halisi. Sony wana kiwanda Kisarazu, ng'ambo ya ghuba ya Tokyo, kilichokuwa na laini ya kuunganisha PlayStation 4 isiyofika hata mita 32. Konsoli moja ilikuwa inatoka kila baada ya sekunde 30 hivi. Wanadamu walikuwa wanne tu: wawili wakiingiza ubao mkuu mwanzoni, wawili wakifunga bidhaa mwishoni. Katikati kulikuwa na roboti 32, na jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba 26 kati ya hizo kazi yake ilikuwa vile vitu vinavyolegea, waya, tepu, waya bapa. Ile kazi ya ncha ya kidole niliyowaeleza imekula roboti 26! Kwa hiyo inawezekana. Ila imewezekana kwa mashine ambayo muundo wake ulikuwa umeshatulia miaka mingi. Konsoli mpya inapoanza kuundwa, muundo bado unabadilishwa, skrubu inahamishwa hapa, waya unafupishwa pale, na hakuna anayekwenda kasi ya binadamu katika kujifunza mabadiliko hayo. Roboti yenyewe inangoja feni, plastiki na vijenzi vidogo vya umeme vilivyopita mikononi mwa watu wengine kwenye viwanda vingine. Kisarazu haijatutoa kwenye bweni. Imelisogeza hatua moja nyuma.

Wa tatu, na huyu huja na takwimu, ataniambia: mbona Nintendo iliuza Switch milioni 28.83 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, kutoka milioni 21.03 mwaka uliotangulia? Ugonjwa ulizuia nini? Nakubali takwimu zote mbili. Viwanda vya China vilifunguka ndani ya majira yale ya kuchipua na vikakimbia mwaka mzima, kwa sababu maambukizi yalidhibitiwa nje ya lango la kiwanda. Hilo lilikuwa kazi ya watu wa afya, na gharama yake ililipwa na miji mizima. Mwaka uliofuata, ugonjwa ukiwa umetua Vietnam na Malaysia na vipuri vimekauka, Nintendo ilishusha matarajio kutoka milioni 25.5 hadi 24, ikaishia milioni 23.06. Sony nayo ikashusha yake ya PS5 kutoka zaidi ya milioni 14.8 hadi 11.5. Ukidhibiti ugonjwa unakotokea mfanyakazi, konsoli zinatoka. Ndilo ninalolisema.

Basi niseme ninachotaka kifanyike, kwa sababu nimechoka kusikia mikutano ya wenye viwanda ikizungumzia akiba ya chipu peke yake. Mfanyakazi wa laini analipwa mshahara wa msingi mdogo, juu yake saa za ziada, na juu yake posho ya mahudhurio kamili. Ukikosa siku moja, posho ya mwezi inapungua au inaondoka yote. Ameamka ana homa. Kichwa kinamgonga, koo limekauka, na nyumbani wanangoja pesa. Atafanya nini? Atameza dawa ya kushusha homa asubuhi ili kipimajoto cha getini kisimkamate, kisha atakwenda kuketi bega kwa bega na wenzake. Tumemlipa ili afanye hivyo! Kampuni inanunua vipimajoto, inaweka vizuizi vya plastiki kwenye meza za kantini, halafu inaweka posho inayomwadhibu anayesema kweli kwamba anaumwa. Iondoeni. Mlipeni mgonjwa siku zake za kulala, na mpunguzeni vitanda chumbani. Atakayeniambia ni gharama, aweke pembeni yake gharama ya laini moja iliyosimama wiki mbili kabla ya Krismasi, halafu tuzungumze.

Muda unaniishia, kwa hiyo yaliyobaki nayapitia haraka. Bandari: Yantian, pale Shenzhen, ilipunguza kazi kwa takriban mwezi mmoja kuanzia mwishoni mwa Mei 2021, na Agosti gati la Meishan huko Ningbo likafungwa wiki mbili hivi kwa sababu ya mfanyakazi mmoja aliyekutwa na maambukizi. Mmoja. Konsoli zinazotakiwa madukani Novemba husafiri baharini miezi hiyohiyo. Wahandisi: laini mpya huhitaji waliosanifu mashine wasimame karibu nayo, na ndege zikisimama, kazi hiyo hufanywa kwa video, polepole. Vipuri: filamu ya ABF inayotenganisha tabaka za waya chini ya chipu kubwa inatoka karibu yote kwa Ajinomoto, ndiyo, walewale wa viungo vya chakula, na hilo lilistahili mhadhara wake. Walanguzi nao sitawagusa, ila wale walikuja baada ya upungufu, hawakuuanzisha. Steam Deck, konsoli ya mkononi ya Valve, ilisogezwa kutoka Desemba 2021 hadi Februari 2022. Na PS5 ilikuwa imeshatimiza miaka miwili sokoni Sony walipotangaza, Januari 2023, kwamba anayeitaka sasa ataipata kwa urahisi.

Hapo nasimama. Aliyeinua mkono kule nyuma tangu nilipotaja posho, tafadhali aanze yeye.